Simu Ishirini na Saba za Mlegho

Ronald Mwadime alianza kutabasamu saa mbili asubuhi na mpaka saa mbili na nusu alikuwa hajapumzika. Mtu akitabasamu hivyo mbele ya mkaguzi, kwa uzoefu wa Noah Kiema, ama hana cha kuficha, ama amekificha vizuri. Kiema alikubali chai, akakataa mandazi, na akaketi mahali ambapo angeiona ramani na uso wa mwenye ramani kwa pamoja.

Ofisi ya Kilele Net ilikuwa ghorofani juu ya duka la vyakula vya mifugo, katikati ya mji wa Voi. Kampuni yenyewe haikuwa kubwa. Ronald alikuwa meneja, fundi, dereva na, siku mhasibu alipougua, mhasibu. Aliuza intaneti ya hewani, ile inayotoka kwenye mnara hadi kwa mteja bila waya, na ukutani alikuwa amebandika ramani ya Taita Taveta nzima, kutoka Mata mpakani hadi milima ya Mbololo. Palipopakwa buluu, mtandao wake ulifika. Palipoachwa peupe, haukufika.

"Mlegho ni buluu," Kiema alisema.

"Buluu kabisa, mzee."

"Muuguzi wa zahanati ya huko anasema ni uongo."

Barua ya muuguzi ilikuwa mfukoni mwake tangu Mombasa, na aliijua kwa moyo. Elsie Mkawasi, msimamizi wa zahanati ya Mlegho, alikuwa ameandika kurasa mbili bila kupumua. Serikali ilikuwa na mfuko, ambao Kiema aliukagulia, wa kujenga minara katika vijiji vyeupe. Vijiji vya buluu vilihesabiwa vimeshajitosheleza, havikupewa kitu. Orodha ya vijiji vitakavyojengewa ilikuwa inafungwa leo, saa kumi jioni, na Mlegho haimo kwa sababu kuna mtu amepeleka vipimo vya kupendeza vya mtandao usiokuwapo. Sentensi ya mwisho ilipigiwa mstari chini mara mbili: aliyeghushi vipimo hivyo ashtakiwe bila huruma.

"Hii buluu uliitoa wapi?" Kiema aliuliza.

"Sikuitunga. Mwanzo nilikuwa nimeiacha nyeupe." Ronald alisimama akaweka kidole kwenye ramani. "Mnara wangu uko huku, upande wa Mraru. Mlegho iko bondeni, nyuma ya mgongo wa mlima. Mimi nilijua haiingii kitu. Halafu watu wa kaunti wakafanya ile savei yao ya nyumba kwa nyumba. Nyumba ishirini na saba. Kila nyumba wakaiwekea programu kwenye simu moja, mtu anabonyeza kipimo mara moja kwa siku, siku saba. Matokeo ndiyo hayo."

Alimsukumia rundo la karatasi. Kiema alivaa miwani yake. Kila mstari ulikuwa na nambari ya nyumba, tarehe, saa, kasi ya mtandao, nguvu ya mawimbi na hali ya betri.

"Ungekuwa wewe, mzee, ungezikataa?"

"Ningeenda kujionea."

Hapo ndipo tabasamu lilipomtoka. "Umenishika," Ronald alisema taratibu. "Gari lilikuwa na shida ya klachi. Na kusema ukweli, nilifurahi. Kwani nani asiyependa kusikia mnara wake unafika mbali?"

Kiema alisoma karatasi zote, mstari kwa mstari, huku Ronald akihamisha vitu mezani bila sababu. Nyumba ishirini na saba zimetawanyika bondeni, na bado nguvu ya mawimbi ilikuwa karibu sawa kwa zote. Kipimo cha nyumba ya kwanza na cha nyumba ya mwisho kilipishana kwa alama mbili tu. Mahali popote penye mlima, hata vyumba viwili vya nyumba moja hupishana zaidi ya hapo.

Jambo la kwanza lililomjia ni kwamba vipimo vilitungwa na mtu aliyekaa kwenye kiti. La pili likalifuta la kwanza. Mtungaji angepandisha hapa na kushusha pale ili mambo yaonekane ya kweli. Aliyeviandika hivi hakuwa amejaribu kumdanganya mtu yeyote.

"Mnara wako unaweka rekodi ya simu zinazoungana nao?"

"Zote."

"Nitolee za wiki ile."

Rekodi ilichukua robo saa kupatikana. Ishirini na saba zote zilikuwamo, siku zote saba, na zilikuwa zimeungana na mnara wa Ronald kweli. Kiema alikunja karatasi akazitia kwenye mkoba. Simu zilikuwa za kweli na vipimo vilikuwa vya kweli. Kilichobaki ni kujua zilikuwa wapi zilipopima, kwa sababu programu ya kaunti, kama Ronald alivyoeleza akiona haya kidogo, haikuuliza simu iko wapi. Iliandika tu nambari ya nyumba ilikosajiliwa.

"Nisije nikafungwa, mzee," Ronald alisema mlangoni.

"Tengeneza klachi," Kiema alimjibu.

Saa tano kasoro alikuwa ameegesha gari la ofisi nje ya zahanati ya Mlegho. Kiema alikuwa na miaka hamsini na minne, na ishirini ya hiyo aliimaliza juu ya nguzo za simu, akiunga nyaya, kabla hawajampa koti na cheo. Magoti yake yaliijua kila nguzo kati ya Mtito Andei na Mariakani. Aliposhuka kwenye gari, alishuka kwa awamu.

Elsie Mkawasi alimpokea akiwa amevaa yunifomu yake na viatu vya raba. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vya kutosha tangu aajiriwe.

"Umekuja na mashine?"

"Nimekuja nayo, sista."

"Basi ipige hapa. Usiniamini mimi, amini mashine."

Mashine ya Kiema, kijisanduku chenye antena fupi, ilisoma sifuri ndani ya zahanati, sifuri kwenye ua, sifuri chini ya tangi kubwa jeusi la maji lililosimama kando ya choo. Elsie alifunga mlango wa dawa, akamwachia mhudumu wake zamu, wakaanza nyumba kwa nyumba.

Nyumba namba moja, sifuri. Namba nne, sifuri. Namba tisa, ambako mama mwenye nyumba, Valarie, alikuwa anapepeta maharagwe, sifuri vilevile.

"Ile wiki ya vipimo ulibonyeza wewe mwenyewe?" Kiema alimuuliza.

"Mimi nilikuwa nikivuna. Simu haikuwa hapa."

"Ilikuwa wapi?"

"Juu," alisema Valarie, akaendelea kupepeta.

Namba kumi na nne ilikuwa ya Mzee Mwandawiro, na ilikuwa imejificha nyuma ya jabali lenye ukubwa wa lori. Hapo mashine haikujisumbua hata kuchezesha mshale. Mzee alikuwa ameketi kivulini akinoa panga.

"Shikamoo, mzee. Nauliza kuhusu kipimo cha simu."

"Marahaba, kijana. Kipimo gani?"

"Hapa imeandikwa nyumba yako ilipima mara saba. Ilipata mtandao mzuri sana."

"Hata mimi naufurahia," mzee alisema. "Ni mzuri?"

"Ulibonyeza wewe?"

"Nibonyeze nini? Mimi napokea tu. Kubonyeza ni mambo ya watoto."

"Simu yako iko wapi sasa hivi?"

Mzee alimtazama Kiema kwa huruma, jinsi unavyomtazama mgeni anayeuliza ng'ombe analala wapi. "Iko juu. Kwani simu hukaa wapi?"

Kiema alisimama pale nyuma ya jabali, akatoa karatasi za Ronald tena. Alikuwa amesoma kasi, amesoma mawimbi, amesoma saa. Saa zenyewe zilikuwa kati ya nne asubuhi na nane mchana, siku zote. Safu moja alikuwa ameipita haraka kwa sababu haikuhusu mtandao. Sasa aliishushia kidole kutoka juu hadi chini. Betri: inachaji. Inachaji. Inachaji. Mistari mia moja themanini na tisa, na hakuna hata mmoja uliosema kitu kingine.

Alitazama bonde lote. Mabati, migomba, moshi wa majiko mawili matatu. Hapakuwa na nguzo hata moja ya umeme, na nguzo ni kitu ambacho Kiema asingekosa kukiona.

"Sista, watu wa hapa wanachajia simu wapi?"

"Juu kwenye mgongo, kuna sola," Elsie alijibu akiwa ameshageuka kwenda namba kumi na tano. "Kwa mama yangu."

Alipiga hatua mbili zaidi, kisha akasimama. Kiema aliona mabega yake yakishuka polepole, na akajua kwamba hesabu aliyokuwa ameifanya yeye kwa asubuhi nzima, binti huyu alikuwa ameimaliza kwa hatua mbili.

"Wiki ile ya vipimo," Elsie alisema bila kugeuka, "mimi nilikuwa Mwatate kwenye mafunzo."

"Ndiyo maana hukujua."

"Twende," alisema.

Njia ya kupanda humchukua Elsie dakika ishirini; siku hiyo, akimngoja Kiema kila kona, iliwachukua arobaini. Juu kabisa, upepo ulipovuma kutoka tambarare za Tsavo, mashine mkononi mwake iliamka yenyewe. Mbele yao kulikuwa na nyumba ya mawe yenye paneli nne za sola juu ya bati, na ng'ambo ya mbali, upande wa Mraru, ungeuona mnara wa Ronald kwa macho matupu.

Barazani palikuwa na rafu ya mbao yenye simu. Kila simu ilikuwa na kipande cha plasta mgongoni, na kwenye plasta limeandikwa jina la mwenyewe na namba yake ya siri, wazi kwa kila mpita njia. Kwenye kiti katikati ya rafu aliketi mama mwembamba wa miaka sabini hivi, daftari pajani, simu ya mtu sikioni.

"Hapana, Immaculate yuko shambani. Mimi ni Tryphena. Sema tu, naandika." Aliandika. "Harusi imesogezwa. Tarehe ishirini. Waje na sufuria kubwa. Haya, nitamfikishia."

Kiema alisimama akimtazama na akasahau magoti yake. Alikuwa hajaona opereta akifanya kazi tangu posta ifunge ubao wake wa mwisho wa kuunganishia simu. Kijiji kizima kilikuwa kimemwachia mama huyu masikio yake, na siri zake, na namba zake za siri, na inaonekana hakuna aliyewahi kujuta. Alimpenda papo hapo, jambo ambalo mkaguzi hapaswi kulifanya kabla ya kuandika taarifa.

"Mama, huyu ni Bwana Kiema, mkaguzi," Elsie alisema. "Amekuja kuuliza habari za vipimo."

Uso wa Tryphena ukachangamka. "Tumekuwa wa ngapi?"

Kiema aliketi kwenye ngazi. "Nieleze kwanza, mama. Ni wewe uliyebonyeza?"

"Zote. Kila siku, simu ishirini na saba. Wale wa kaunti waliacha maagizo kwa kila nyumba, lakini wewe umemwona Mwandawiro. Angebonyeza nini? Angetuharibia. Nikawaambia, leteni kama kawaida, mimi nitafanya."

"Na kwa nini mawimbi yote yanafanana?"

"Kwa sababu nilitafuta." Alisimama, akaenda kwenye nguzo ya mwisho ya baraza, akaipiga kofi. "Ukisimama hapo mwanzo unapata alama kumi na mbili. Hapo katikati, kumi na tano. Hapa, waya wa kuchaji ukivutwa mpaka mwisho, unapata kumi na nane. Siku ya mvua nilijifunika gunia nikasimama hapa mpaka zikaisha. Hakuna simu iliyopata chini ya wenzake, mwanangu. Sikupendelea mtu."

"Nani alikuambia mnashindana?"

"Ni lazima niambiwe? Mwaka juzi kaunti walikuja na fomu hivihivi, wakapima vyoo. Kijiji chenye vyoo bora kikapewa tangi la maji. Tangi si umeliona pale zahanati? Tulichimba wiki mbili, tukapaka chokaa, tukawapiga wale wa ng'ambo bao." Akajifuta mikono kwenye leso. "Basi waliporudi na fomu za mtandao, mimi nilijua la kufanya."

Elsie alikuwa amekaa kwenye ukingo wa baraza, mikono usoni. Kiema alitafuta maneno laini na hakuyapata, kwa hiyo akatumia yale yaliyokuwepo.

"Mama, safari hii hawatoi kwa walio bora. Minara inapelekwa mahali ambapo hakuna kitu. Vipimo vyako vimeonyesha Mlegho ina mtandao bora kuliko hata sehemu za Voi mjini. Kwa hivyo mmeachwa nje."

Simu moja kwenye rafu ililia. Tryphena hakuigusa. Ililia mpaka ikanyamaza, na Elsie akainua kichwa, maana hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Nimekikosesha kijiji mnara," mama alisema.

"Vinaweza kufutwa," Kiema alisema. "Orodha inafungwa saa kumi. Sasa ni saa saba na nusu. Lakini vipimo vyangu ni vya nyumba tatu nne, vyako ni mia moja themanini na tisa. Kamati ya mfuko haitafuta vingi hivyo kwa sababu mimi nimesema. Itataka taarifa: vilipimwa wapi, na nani. Na jina."

"Jina halafu nini?" Elsie aliuliza.

"Kupeleka vipimo visivyo vya kweli kwenye mfuko ni kosa. Kuna faini. Kuna kifungo pia, wakiamua."

"Andika mashine za kaunti ziliharibika."

"Zilikuwa sawa, sista."

"Andika hazikusajiliwa vizuri. Andika chochote." Sauti ilimpanda. "Mimi ndiye niliyeandika ile barua, Bwana Kiema. Nilisema ashtakiwe bila huruma. Nilipiga mstari chini, kwa rula."

"Najua. Nimeisoma."

"Basi ichane."

"Nikiichana, hakuna malalamiko. Pasipo malalamiko, mimi sina kazi hapa, na Mlegho inabaki buluu."

Tryphena ndiye aliyesogea. Alivuta kiti chake mpaka mbele ya Kiema, akaketi, akanyoosha leso magotini kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Andika," alisema. "Tryphena Wakesho. Usifupishe."

Kiema alitoa fomu. Aliandika jina, umri, mahali, siku. Aliandika kuhusu rafu, plasta, nguzo ya mwisho na gunia. Mama alijibu kila swali kwa ufupi na kwa usahihi wa mtu aliyezoea kubeba maneno ya wengine bila kuyamwaga. Kisha wakafika kwenye sababu.

"Niandike mlidhani ni mashindano?"

"Andika." Akainua kiganja. "Ngoja, hiyo haitoshi. Sisi tangi tulikuwa nalo tayari. Sikuwa na haja ya kushinda tena."

Hakumtazama Elsie. Alimtazama Kiema peke yake, na akasema kwa sauti ileile aliyosemea habari za harusi na sufuria.

"Huyu binti akiwa na mgonjwa aliyemzidi, hawezi kumpigia daktari wa Voi kutoka kule chini. Anamwacha mama wa watu na mhudumu, anapanda huu mlima mbio, anasimama hapa barazani anahema, anapiga, anaambiwa fanya hivi na hivi, anashuka tena. Mwezi wa tano alipanda, akaambiwa la kufanya, akashuka akakuta amechelewa. Mtoto aliyekuwa akizaliwa hakuwa hai. Hajaniambia. Aliniambia amechoka, akalala kwangu siku mbili. Lakini simu zote za Mlegho ziko kwangu, mwanangu, na mimi ndiye niliyepokea pole za msiba huo." Alikunja ncha ya leso. "Nikajua mnara ukija, watauweka zahanati. Ndiyo maana nikasimama mvuani. Andika hivyo."

Elsie alikuwa ametoka ukingoni. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji na kulaza kichwa pajani mwa mama yake, yunifomu na yote, na mama akamwekea mkono kichwani bila kukatisha mazungumzo.

"Umeandika?" aliuliza.

"Naandika," Kiema alisema, na ilibidi avue miwani aifute kabla ya kuendelea.

Ilipofika saa tisa na robo, kurasa zilikuwa zimejaa, tayari kupigwa picha na kutumwa kutoka pale barazani kabla ya saa kumi. Kilibaki kisanduku kimoja chini kabisa, chenye maneno yaliyochapwa na mtu wa ofisini ambaye hajawahi kufika Mbololo: hatua inayopendekezwa dhidi ya mhusika. Kiema alikaa nacho muda mrefu kuliko alivyokaa na karatasi zote za Ronald. Kwa miaka tisa ya ukaguzi alikuwa amekijaza kwa maneno yaleyale matatu, faini, onyo, mashtaka, na mkono wake ulikuwa umeshazoea njia hiyo. Mwishowe akaandika, akatia sahihi, akamgeuzia mama fomu pamoja na kalamu.

"Miwani yangu iko ndani," Tryphena alisema. "Nitie sahihi kitu nisichokisoma? Elsie, soma hapo mwisho. Wanipeleka wapi?"

Elsie alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaishika karatasi. Alisoma kimya kwanza. Kisha akarudi mwanzo wa mstari, akausoma kwa sauti.

"Inasema, 'Ajengewe mnara zahanati, haraka.'"